Maneno ya Dada wa Kitanda cha Nne

Umeme ulikatika wakati fomu ya muuguzi imeshamezwa nusu na mashine ya kutoa kopi, nusu nyingine ikining'inia nje kama ulimi wa mbwa aliyechoshwa na jua. Nyuma yake palikuwa na foleni ya watu zaidi ya arobaini, wote wanajiandikisha chuoni siku hiyo hiyo, wote wana haraka, na wote walimtazama yeye kana kwamba ndiye aliyezima umeme.

"Usivute!" sauti ya mwanamume ilisema ubavuni mwake.

"Sivuti. Naishikilia tu."

"Kushikilia kwako ndiko kuvuta. Iachie, Sista, itachanika."

Alimwita Sista kwa sababu ya gauni jeupe la kazi lililochungulia chini ya sweta la kijani. Mwenyewe alikuwa mrefu, shati la rangi ya damu ya mzee amelikunja mikono hadi viwikoni, na shingoni amevaa hedifoni kubwa kama daktari anavyovaa kipimo chake cha moyo. Alifungua ubavu wa mashine, akaingiza vidole viwili, akaitoa fomu nzima ikiwa na mkunjo mmoja tu. Badala ya kuirudisha, akaisoma.

"Kifaransa, mwaka wa kwanza, darasa la alasiri. Kwa hiyo unakwenda kuwadunga Wafaransa sindano?"

"Natafuta cheti."

"Cheti cha nini?"

"Cha kumnyamazisha mtu anayesoma karatasi za wenzake."

Foleni ikaangua kicheko. Mwanamume naye akacheka, akamrudishia fomu kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mkwe barua. "Basi tutaonana, Sista. Mimi ndiye ninayetunza chumba cha kusikilizia. Wanafunzi wananiita Fundi Sauti. Kila anayesoma Kifaransa hapa lazima apite masikioni mwangu."

Habari ya cheti ilikuwa uongo.

Miezi mitano kabla ya siku ile, asubuhi moja, aliletwa wodini dada mmoja mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, mkono umevunjika, jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe. Alilazwa kitanda cha nne. Kiswahili hakujua hata neno la salamu. Kwa ishara alionyesha kwamba ameanguka kwenye ngazi, na muuguzi, aliyekuwa na wagonjwa kumi na tisa peke yake, aliikubali habari ya ngazi kwa kuwa haikumwongezea kazi. Alimpa chai na mkate. Alimfunga plasta. Kisha, kwa kuwa mgonjwa alibaki na mkono mmoja, akamchana nywele. Hapo yule dada akamshika kifundo cha mkono, akasema maneno fulani, akayarudia, akayarudia tena polepole kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Muuguzi hakuelewa. Asije akayasahau, akayaandika kama alivyoyasikia, pembeni mwa kadi ya mgonjwa: "napele pa mo mari." Akaenda nayo kwa mfagiaji mmoja aliyewahi kufanya kazi hotelini.

"Mari ni mume," mfagiaji akasema, ameegemea fagio. "Na apele ni kupiga simu. Anataka mumewe apigiwe, maskini."

Muuguzi alifurahi kama aliyefumbua fumbo. Alikuta namba kwenye mkoba wa mgonjwa, pembeni pameandikwa "mari", akapiga, na kwenye faili akaandika: Mgonjwa ameomba mumewe aitwe. Mume akafika kabla ya nusu saa, shati limepigwa pasi, mpole, akashukuru mara tatu. Yule dada alipomwona hakulia wala hakupiga kelele. Aligeuza shingo, akamtazama muuguzi, akaendelea kumtazama mpaka wakapotea kwenye kona ya varanda.

Siku ya kumi na moja alirudishwa akiwa ameshakata roho. Mume akasema ni ngazi tena. Polisi walimchukua mume, wakachukua na faili. Muuguzi hakuna aliyemuuliza kitu, kwani alichokiandika kilijieleza. Aliomba kuhamia wodi ya watoto, akahamishwa.

Angeweza kumwendea yeyote anayejua Kifaransa amuulize yale maneno yalikuwa na maana gani. Alijaribu mara mbili, na mara mbili akageuza njia. Kuuliza ni kuungama, na mwenye kuungama huulizwa mengine. Akaona heri ajue peke yake kwanza.

Darasa lilikuwa ghorofa ya pili, saa kumi alasiri, saa ambayo miguu ya muuguzi wa zamu ya asubuhi inakuwa imevimba viatuni. Mwalimu, mama mmoja mwembamba waliyemwita Madamu, hakuwa na tabia ya kurudia neno. Jaribio la kwanza muuguzi alipata thelathini na moja kwa mia.

"Thelathini na moja ni namba ya kiatu cha mtoto," alisema dada yake mkubwa, msusi, aliyekuwa akiishi naye. "Acha, mdogo wangu. Kazi unayo. Kifaransa utamsemesha nani, mimi?"

"Siachi."

"Haya. Ukiwa mkaidi hivyo, hata cherehani itakuogopa."

Wiki ya tano Madamu aliandika ubaoni namna ya kukataa. "Kitenzi kinabanwa katikati," akasema. "Kuna kipande cha mbele na kipande cha nyuma. Lakini mtu akisema haraka, cha mbele kinamezwa, na mgeni hakisikii. Kinachosikika ni hiki cha nyuma, 'pas', ambacho masikioni ni 'pa'. Ishikeni hiyo 'pa'. Ukiikosa, umeelewa kinyume." Akatoa mifano: usivute sigara, usiondoke, usimwite mwalimu.

Muuguzi alikuwa akinakili. Kalamu ikasimama. Akaandika chini ya mifano, kwa tahajia aliyojifunza sasa, sentensi iliyokuwa ikimgonga kichwani miezi yote ile: N'appelez pas mon mari. Kila neno alikuwa nalo. Usimpigie simu mume wangu. Na "pa" alikuwa ameisikia! Ilikuwa kwenye ile kadi, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Alitoka bila kuomba ruhusa. Fundi Sauti alimkuta ameketi kwenye ngazi za nje, uso umepauka kama jivu.

"Sista, unaumwa?"

"Kichwa."

"Kifaransa kinawapiga watu kichwa, najua, lakini si wiki ya tano. Kwa kawaida ni wiki ya tisa." Alipoona mzaha umeanguka chini, aliunyamazia. Alikwenda akarudi na maji, akaketi ngazi mbili chini yake, amempa mgongo, asimtazame akilia. Walikaa hivyo hadi kipindi kikaisha. Hakuuliza lolote. Ni mgongo ule, wa mtu aliyekubali kutojua, ndio muuguzi aliouweka moyoni.

Mwingine angeacha masomo siku hiyo, kwa maana alichokitaka alikuwa amekipata. Yeye alirudi kesho yake na kuketi kiti cha mbele. Kila walipopokelewa hospitalini watu wa ng'ambo, alikuwa akisikia madirisha yakifungwa usoni mwao, na hakutaka tena kuwa dirisha lililofungwa. Alisoma akipima watoto joto, alisoma akisubiri maji yachemke. Vitenzi alivibandika mlangoni mwa choo, dada yake akalalamika kwamba hata haja sasa anaenda kwa Kifaransa.

Na kila alasiri, kabla ya darasa, alipita chumba cha kusikilizia.

"Sema 'i'," Fundi Sauti alimwelekeza.

"I."

"Usiiache hiyo 'i' ikatoroka. Sasa fanya midomo kama unataka kupiga mluzi, upate 'u' ya Kifaransa."

Akafanya. Ikatoka sauti ya mbuzi. Wote wawili wakacheka mpaka hedifoni zikadondoka mezani.

Baadaye zikaja simu za mchana, saa ya mapumziko yake. "Dakika kumi, Kifaransa kitupu," Fundi Sauti aliweka sharti. "Ukidondosha neno la Kiswahili, chai juu yako."

"Sawa. Anza."

"Leo umevaa nini?"

Muuguzi alijikusanya, akajibu kwa fahari. Upande wa pili kikasikika kicheko.

"Unacheka nini?"

"Umeniambia umevaa bomba la maji la bluu. Gauni ni 'robe', bomba ni 'robinet'. Umevaa bomba la maji, mpenzi wangu."

Muuguzi akaibana simu sikioni.

"Umesema nini hapo mwisho?"

"Nimesema bomba."

"Baada ya bomba."

"Aa. Hilo lilikuwa Kiswahili," akasema, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Basi chai ni juu yangu."

Chai ile ikazaa chai nyingine. Muhula wa pili muuguzi alipata sitini na nane, halafu themanini na moja, na Madamu, asiyesifu, alimrudishia karatasi akasema "Aha." Fundi Sauti alikuwa mtu wa ng'ambo mwenyewe, Kiswahili alikipata zamani kwenye kazi za mpakani na alikizungumza bila kukwama ila alipokasirika. Alisema alikuja mjini kwa mambo ya familia. Muuguzi hakuchimba, maana yeye naye hakutaka kuchimbwa. Alipenda alivyovua hedifoni kila alipoingia, kama mtu anayevua kofia. Usiku akilala aliwaza kwamba labda Mungu amemsamehe kimyakimya, bila kupita kwa mtu.

Jumamosi moja adhuhuri, mvua ikipiga bati, walikuwa wawili tu chumba cha kusikilizia. Fundi Sauti alizima mashine.

"Nina ombi. Nimelibeba muda mrefu, nikiogopa utadhani nilikufuata kwa ajili hiyo. Sivyo."

"Sema, Fundi."

"Hospitali yenu. Mwaka jana dada yangu mkubwa alilazwa pale. Yule aliyenibeba mgongoni mama akienda kazini. Mume wake alikuwa akimpiga. Mkono ukavunjika, akapelekwa pale, akatibiwa, na muuguzi wa zamu akamwita mume aje amchukue. Baada ya siku kumi na moja alikuwa maiti." Alinyoosha simu. "Ndiye huyu."

Kwenye picha jicho la kushoto lilikuwa zima na kinywa kinacheka. Ilimchukua muuguzi muda kuuona ule uso ndani ya uso huu, na alipouona hakuweza tena kuuondoa.

"Nilikuja kumchukua tukamzika nyumbani, nikarudi huku kufuatilia kesi," Fundi Sauti aliendelea. "Sasa wakili wa yule mtu ana karatasi ya hospitali. Imeandikwa kwamba dada yangu mwenyewe aliomba mumewe aitwe. Wakili anasema, mke anayemwogopa mumewe humwita? Mahakama itamwachia, Sista. Karatasi moja itamwachia."

"Imesainiwa na nani?" Sauti yake aliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Saini ni mkwaruzo tu, haisomeki. Najua wewe uko wodi ya watoto, dada yangu hukumjua. Lakini unaweza kuniulizia? Nataka jina tu. Nataka nisimame mbele yake nimuulize alilipwa nini."

Muuguzi aliinuka. Alisema zamu inamngoja, na hakuwa na zamu. Alitoka mvuani bila sweta.

Tangu siku hiyo hakupokea simu. Darasani alifika mwalimu akiwa ameshaanza na kutoka kabla hajamaliza. Wiki ya pili Fundi Sauti alipiga kwa namba ya simu ya chuo, naye akapokea bila kujua.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Ni kwa sababu ya dada yangu? Hutaki mtu mwenye kesi na kaburi?"

"Fundi, niache."

"Ni yule daktari anayekushusha getini na gari lake? Sema tu. Mimi ni mgeni hapa, sina gari wala ukoo. Nitaelewa."

Yule daktari alikuwa mzee mwenye wajukuu, aliyempa lifti tu kwa kuwa njia yao ilikuwa moja. Lakini uongo ulikuwa umejileta wenyewe mlangoni, umevaa na viatu.

"Ndiyo," akasema. "Ni yeye."

Simu ikakatwa.

Dada yake, aliyekuwa akisuka mteja pale pale sebuleni, aliweka chanuo chini. Alimngoja mteja aondoke, kisha akamfungia mlango mdogo wake. "Sasa utaniambia. Huli, hulali, na unamsingizia babu wa watu mapenzi."

Akamwambia yote, tangu kitanda cha nne. Msusi alisikiliza huku mikono ikitafuta kitu cha kusuka.

"Ukinyamaza, nani anajua?" aliuliza mwishowe.

"Mimi."

"Ukisema, kazi inaweza kwenda. Na huyo kijana ndiyo umempoteza moja kwa moja."

"Najua, dada."

"Mimi nakwambia kama mtu anayekupenda: nyamaza." Akapangusa macho kwa kanga. "Na kama mtu aliyewahi kupigwa na mume, nakwambia nenda ukaseme."

Muuguzi hakuwahi kulijua hilo la dada yake. Walikaa hadi chai ikapoa, na ilipopoa walikunywa hivyo hivyo.

Mtihani wa mwisho ulikuwa na sehemu ya kuzungumza. Mwanafunzi anaokota kikaratasi, anasimulia kwa dakika nane mbele ya Madamu na mtahini mgeni, na nyuma ya kioo kuna mtu wa kurekodi. Mtu huyo ni Fundi Sauti. Siku hiyo alivaa shati jeusi, akafanya kazi yake bila kuinua macho.

Kikaratasi cha muuguzi kilisema: Simulia jambo lililokupata. Wenzake walisimulia harusi, safari, ng'ombe aliyeingia kanisani. Muuguzi alikuwa ameandaa habari ya siku yake ya kwanza kazini. Alifungua kinywa, akamwona Fundi Sauti kwenye kioo akirekebisha hedifoni ili amsikie vizuri, na ile habari aliyoiandaa ikamtoka kichwani.

Alianza kwa Kifaransa, polepole. Alisema: mwaka jana nilikuwa zamu. Aliletwa mwanamke kitanda cha nne. Alieleza mkono, jicho, chai, nywele. Alisema maneno aliyoambiwa, akayatamka kama yule dada alivyoyatamka, kwa sauti ya chini, mara tatu. Alisema: sikujua Kifaransa na sikutafuta anayekijua. Nilimuuliza mfagiaji kwa kuwa alikuwa karibu. Nilimpigia simu yule ambaye niliombwa nisimpigie, kisha nikaandika uongo kwenye faili nikidhani ni kweli. Darasa hili ndilo lililoniambia. Tangu wiki ya tano najua, na nimenyamaza kwa sababu ya woga, na baadaye kwa sababu ya mapenzi.

Nyuma ya kioo Fundi Sauti alivua hedifoni. Aliziweka mezani taratibu, akatoka, mashine akaiacha inazunguka. Muuguzi alimaliza sentensi yake. Mtahini mgeni alitaka kuuliza swali, Madamu akamgusa mkono asiulize.

Kesho yake asubuhi muuguzi alikwenda mwenyewe ofisi ya mwendesha mashtaka.

Mahakamani, wakili wa mume alimzunguka kama nzi. "Siku ile ulikuwa unajua Kifaransa?"

"Hapana."

"Basi leo unajuaje ulichokisikia?"

"Sikio langu lilisikia sawa. Kilichokosea ni kichwa. Niliandika nilivyosikia, kwenye kadi. Itazameni pembeni."

Kadi ikatolewa kwenye faili, ambamo ilikuwa imelala siku zote nyuma ya ile karatasi ya wakili. Mkalimani wa mahakama akaisoma kwa sauti, akaisoma tena, akavua miwani. Jaji akamwuliza maana yake. Ukumbi wote ukasikia. Mume wa marehemu, shati lake limepigwa pasi, alitazama viatu. Alihukumiwa miaka ishirini na miwili. Fundi Sauti, mstari wa mbele, aliinama akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Alipopita karibu na muuguzi mlangoni alisimama, akafungua kinywa, kile Kiswahili chake kikakwama kama kilivyokwama kila alipokasirika. Akaondoka. Juma lile lile alivuka mpaka kurudi kwao.

Hospitali ilimpa muuguzi barua ya kumsimamisha kazi miezi mitatu. Matokeo ya chuo yalibandikwa ukutani siku hiyo hiyo aliyoipokea. Kifaransa, mwaka wa kwanza: wa kwanza kwa alama tisini na moja. Dada yake alimsindikiza, amevaa gauni lake la sikukuu.

"Cheka basi nikupige picha."

"Siwezi, dada."

"Basi simama hivyo hivyo."

Alirudi kazini miezi mitatu ilipokwisha. Metroni alimrudisha wodi ya wakubwa bila yeye kuomba, na wagonjwa wa ng'ambo wakawa wanaletwa kwake wote. Wengine walikuwa wakali, wengine waongo, mmoja alimtukana vizuri sana na akaelewa kila tusi. Mwezi wa tano tangu arudi kazini, saa nne asubuhi, simu ikalia. Namba ya nje.

"Sista."

Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa. "Fundi."

"Sikupigii mimi. Mama ndiye. Alisikia mkanda wa mtihani wako, Madamu alinipa nakala. Anataka kuzungumza na wewe. Kiswahili hajui."

Kabla hajajibu, alisikia pumzi ya mtu mzima, kisha Kifaransa cha kizee, cha taratibu.

"Alikula?"

"Alikula, mama. Chai na mkate. Mkate aliacha nusu."

"Alikuwa anasikia baridi?"

"Kidogo. Nilimpa blanketi la pili."

"Na nywele. Umesema nywele."

"Nilimchana mimi. Alikuwa ameziacha siku nyingi, nilianzia chini ili asiumie. Alifumba macho."

Upande wa pili mama alilia, akapumzika, akalia tena. "Rudia hapo pa nywele," akasema. Muuguzi akarudia. Akarudia mara ya tatu. Wagonjwa kwenye vitanda wakageuza vichwa kumtazama, bila kuelewa kinachosemwa.

Fundi Sauti alipochukua simu, sauti yake ilikuwa imelowa. "Anauliza utakuja lini."

"Na wewe?"

"Mimi asubuhi nakuchukia, Sista. Ikifika mchana, saa ile niliyokuwa nakupigia, nakukumbuka mpaka kifua kinauma. Siwezi kukuahidi utanikuta saa gani."

"Nitakuja," akasema. "Nikukute saa yoyote."

Aliomba likizo ya siku saba. Mama alimpokea kwa kumshika uso kwa viganja viwili. Fundi Sauti alimbebea begi, akamwandalia kitanda, na kwa siku tano alizungumza naye kama mtu anayezungumza na mgeni wa mama yake. Siku moja alipandisha sauti jikoni, akamuuliza kwa nini, kwa nini mfagiaji, na muuguzi akasema ndiye aliyekuwa karibu. Hakujitetea. Siku ya sita asubuhi alimwambia avae viatu vya kutembea.

Kaburi lilikuwa mwisho wa safu, saruji yake bado nyeupe. Muuguzi alisimama nyuma. Fundi Sauti alitoa majani makavu kwa mkono, akachuchumaa, akasema na kaburi kwa Kifaransa kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili.

"Dada, huyu ndiye aliyepiga simu. Ndiye pia aliyesimama mahakamani. Nimejaribu kumtenganisha awe watu wawili, mmoja nimchukie na mmoja nimpende, nimeshindwa. Nataka kumwoa. Ukikasirika, kasirika na mimi."

Akainuka, akapangusa magoti, akatembea hadi langoni bila kugeuka.

Muuguzi alipiga magoti pale alipotoka yeye. Aliyoyasema hakumwambia mtu, hata dada yake. Yalikuwa marefu, na aliyasema kwa Kifaransa bila kukosea. Jua lilikuwa limeshapanda alipofika langoni, magoti ya gauni yamejaa vumbi.

"Amesemaje?" Fundi Sauti aliuliza.

"Hajasema kitu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetarajia hivyo. "Na wewe?"

"Mimi," akasema, "nimekubali."